Gesine Ahlborn, Aliyeiona Buluu Ndani ya Kijani

Mchungaji, ndugu wa familia, majirani wa Schönhagen, na nyinyi mliotoka Holzminden na Altenrode kwenye matope haya ya Januari: mimi ni Almut, mdogo wake marehemu. Nimeombwa nisome maisha ya dada yangu kwa ufupi. Ufupi si kipaji cha ukoo wetu, lakini nitajaribu, na nikizidisha mtausoma mwisho wake nyumbani, maana umechapwa kwenye karatasi mlizo nazo. Kabla sijaanza, nimeona baadhi yenu mkimtazama shemeji yangu Eckhart kifuani na kunong'ona. Wanaume wote humu wamefunga tai nyeusi, na yeye, mgane mwenyewe, amefunga ya buluu. Hakukosea kabati, wala huzuni haijamvuruga akili. Wale mliosoma kwake mnaijua tai hiyo. Wengine mnivumilie, nitafika.

Marehemu Dkt. Gesine Ahlborn, ambaye kabla ya kuolewa alikuwa Gesine Wiedenroth, alizaliwa tarehe 11 Machi 1943 hapa hapa Schönhagen, katika nyumba ile ile aliyofia. Alikuwa mtoto wa kwanza wa Heinrich Wiedenroth, bwana misitu, na mkewe Lina. Baba alikuwa vitani, kisha akawa mfungwa, na alipomwona binti yake kwa mara ya kwanza mtoto alikuwa na miaka minne na alimwamkia kwa kumwita Bwana. Mimi nilizaliwa mwaka uliofuata, 1948, kwa hiyo hayo nimesimuliwa tu.

Kuna jambo la utotoni ambalo Gesine alilisimulia kwenye kila karamu ya familia, na likikosekana leo nitaulizwa. Wakati wa vita mama alifunga taa ya buluu kwenye ghala la chini ili mwanga usionekane na ndege. Vita vikaisha, taa ikabaki. Gesine alidai kwamba viazi vilivyokuwa karibu na taa ile vilitoa machipukizi mafupi ya kijani, na vile vya kona ya giza vilitoa machipukizi marefu meupe, na kwamba alikaa juu ya gunia akivitazama mpaka akasahau alitumwa nini. Mama kila mara alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akasema taa ile iliungua mwaka 1946 na haikubadilishwa. Walibishana hivyo kwa miaka arobaini. Mama alikufa bila kukubali, na Gesine amekufa bila kukubali, na nadhani sasa wanaendelea.

Alianza shule ya msingi hapa kijijini mwaka 1949, na kutoka 1953 hadi 1962 alisoma sekondari Holzminden, akipanda basi la asubuhi pamoja na makopo ya maziwa. Kisha akaenda chuo kikuu kusomea botania na kemia, akahitimu mwaka 1968. Baba alitaka asomee misitu. Gesine alimjibu kwamba mti ni mkubwa mno kwake, yeye anataka kujua kinachotokea ndani ya kitu kimoja kidogo kisichoonekana kwa macho. Baba hakuelewa, ila alimnunulia darubini ya mitumba, na darubini hiyo bado iko kwenye kabati la sebuleni.

Mwezi Aprili 1969 aliajiriwa katika Taasisi ya Mimea ya Altenrode, chini ya Profesa Kettler, akafanya kazi hapo mpaka alipostaafu. Kazi yao ilikuwa kukuza seli za tumbaku ndani ya chupa. Walichukua kipande cha shina, wakakiweka kwenye maji yenye sukari na chumvi chache, na seli zikaongezeka zenyewe bila jani wala mzizi. Zikikaa gizani zilikuwa nyeupe zenye umanjano kidogo, zimeganda kama uji uliosahaulika. Zikipata mwanga unaozifaa ziligeuka kijani, kwa sababu ndani ya kila seli kulikuwa na vifuko vidogo vilivyokuwa vimelala, na mwanga uliviamsha vikakua, vikajijaza ule ukijani unaouwezesha mmea kula jua. Vifuko hivyo huitwa kloroplasti. Nimejifunza neno hilo kwa kulazimishwa, mezani, miaka hamsini.

Swali la Altenrode lilikuwa moja: ni rangi gani ya mwanga inayoviamsha? Na jibu walikuwa nalo tayari. Alilipata mwaka 1967 kijana aliyekuwa tegemeo la taasisi, naye ni Eckhart Ahlborn. Aliweka chupa zake chini ya mwanga mwekundu na seli zikawa kijani. Si kijani cha spinachi, lakini kijani. Jibu hilo lilimpendeza kila mtu, kwa kuwa mche uliooteshwa gizani nao huanza kupata ukijani ukimulikwa na mwekundu, na watu hufurahi jambo jipya likifanana na la zamani. Eckhart alipata udaktari wake kwa jibu hilo, akaanza kuandika andiko la pili, lile linalompa mtu haki ya kuitwa profesa.

Gesine alipewa kazi ya kuendeleza pale Eckhart alipoishia. Akaweka chupa zake kwenye mwekundu. Zikabaki uji. Akaweka nyingine kwenye buluu, zikawa kijani cha kupendeza. Akarudia mwekundu, uji tena. Profesa Kettler alisema anachanganya vibaya chakula cha seli. Akabadilisha chakula. Uji. Eckhart akaja kumsaidia kwa moyo mwema, akakaa na chupa zile zile katika chumba kile kile, na zikawa kijani. Taasisi nzima ikacheka, wakasema seli zinampenda Bwana Ahlborn. Utani huo ulidumu miaka mitatu. Katikati yake Gesine naye akampenda Bwana Ahlborn, kwa hiyo alitaniwa mara mbili.

Kwetu, kama mjuavyo, kuna "wewe" ya nyumbani na "wewe" ya ofisini. Hao wawili waliitana Bwana Ahlborn na Bibi Wiedenroth kwa zaidi ya miaka miwili, mbele ya chupa zao, mpaka jioni moja ya Oktoba 1971, kwenye sherehe ya mavuno, Eckhart alipoinua glasi ya divai akamwomba waanze kuitana kwa majina. Mtu akishavuka mpaka huo harudi nyuma, isipokuwa amekusudia kukufungia mlango. Krismasi ya 1972 walivishana pete hapa nyumbani. Gesine alimpa mchumba wake tai ya hariri, buluu tupu, bila mstari wala doa. Harusi ilipangwa tarehe 19 Mei 1973, na andiko la pili la Eckhart lilikuwa lisomwe mbele ya maprofesa mwezi Juni.

Sasa nieleze habari ya taa. Katika chumba cha giza mtu hawezi kufanya kazi bila kuona, na akiwasha taa ya kawaida anaharibu jaribio. Kwa hiyo walitumia taa ndogo ya mkononi iliyofunikwa karatasi laini ya kijani, kwa sababu mwanga wa kijani seli zile haziuchukulii kama mwanga. Kila mtu aliitumia kidogo. Eckhart aliitumia sana, maana Eckhart ni mtu wa kukagua. Mnamjua. Akifunga gari hurudi kuushika mlango. Akipika viazi hufunua sufuria mara sita. Basi kila asubuhi na kila jioni aliingia chumba cha giza na taa ya kijani, akaimulika chupa moja moja, akaitikisa, akaiangalia chini na juu, akaandika. Gesine hakuwa hivyo. Aliweka chupa zake mahali pake kwa kupapasa, akafunga mlango, akaenda zake kula. Wenzake waliuita uvivu. Mimi ninayemjua toka utotoni nilikubaliana nao.

Siku moja ya Februari 1973 Gesine aliingia chumba cha giza kuchukua koleo lake, akamkuta Eckhart ameinama juu ya chupa na ile taa. Alikuwa amevaa tai ya Krismasi. Gesine akamsalimu, akachukua koleo, akageuka kutoka, kisha akasimama. Tai ilikuwa buluu. Aliiona kabisa kuwa ni buluu, pale gizani, chini ya mwanga ambao ulitakiwa uwe wa kijani peke yake. Chini ya kijani kitupu, kitambaa cha buluu huonekana cheusi. Kama aliiona rangi yake, basi taa ile ilikuwa inatoa buluu. Karatasi ya kijani ilikuwa imechujuka kwa joto la miaka, na hakuna aliyeona, maana jicho huzoea. Kila asubuhi na kila jioni, kwa uangalifu wake wote, Eckhart alikuwa akizipa chupa zake za mwekundu kijiko cha buluu, na kijiko hicho kilitosha. Ni kosa ambalo mvivu asingelifanya.

Jumapili ile alikuja kwangu Holzminden, nilikokuwa nikiuza vitabu. Hakuvua koti. Alinieleza yote kwa sauti ya mtu anayesoma saa za treni, kisha akasema, "Nikinyamaza, Mei naolewa na Eckhart. Nikisema, sijui."

Nikamuuliza, "Na ukinyamaza utaweza kukaa naye meza moja?"

"Sijala tangu Jumanne," akasema. "Ndiyo jibu hilo, sivyo?"

Nilimpa supu, akainywa nusu. Nasema haya mbele ya jeneza lake kwa sababu watu wa Altenrode walikuja kusema baadaye kwamba binti Wiedenroth alimwangusha mchumba wake ili apande yeye. Mimi niliuona uso wake siku ile. Hakuwa na uso wa mtu anayepanda popote.

Kesho yake alimkuta Eckhart kwenye ujia wa taasisi, anakula tofaa. Akamwambia, "Eckhart, ingia chumba cha giza uitazame tai yako." Hakumwambia zaidi. Eckhart aliingia akicheka, akafunga mlango. Alikaa humo muda mrefu. Alipotoka tofaa lilikuwa bado mkononi, limeng'atwa mara moja. Alimwangalia mchumba wake, akasema, "Nakushukuru, Bibi Wiedenroth. Nitaichunguza taa." Na "wewe" aliyoitumia ilikuwa ile ya ofisini.

Gesine aliniambia kwamba angelipokea tusi, na hata kofi angelielewa. Neno lile hakuwa amejiandaa nalo.

Nitasema haki ya shemeji yangu. Aliiweka taa ile kando, akatengeneza nyingine yenye kioo kipya cha kijani, akarudia jaribio lake lote mwenyewe, na chupa zake za mwekundu zikabaki uji. Profesa Kettler alimshauri taa ibadilishwe kimya kimya na andiko la pili lisomwe kama lilivyopangwa. Eckhart alikataa. Alichapisha katika jarida lao aya moja ya kufuta matokeo yake ya 1967, na mwisho wa aya akaandika kwamba kosa liligunduliwa na Bibi G. Wiedenroth. Kisha akaondoka Altenrode, na uprofesa akauacha huko huko. Msimu wa vuli alianza kufundisha biolojia sekondari ya Holzminden, na hakutoka hapo mpaka alipostaafu mwaka 2003.

Tarehe 19 Mei ikafika bila harusi. Mama alikuwa ameagiza keki ya siagi sinia nane na mwokaji hakukubali kuzifuta, kwa hiyo tuliila keki ile wiki nzima, mpaka kuku nao wakapata. Gesine hakuigusa. Aliendelea na kazi, akala alipolazimishwa, na alipotamka jina la Eckhart, mara chache, alisema Bwana Ahlborn.

Aprili 1974 Eckhart alikuja hapa Schönhagen kwa baiskeli, na katoni ya miche ya kolrabi, ile kabichi ya shina la duara, nyuma. Alimwambia mama kwamba miche imezidi kwake. Akaenda bustanini alikokuwa Gesine, akaishika katoni kama mtu aliyeagizwa, akasema, "Gesine, nikupandie hapa au kule?" kwa "wewe" ya nyumbani. Gesine alimwonyesha pa kupanda huku akilia. Walipanda safu mbili. Walifunga ndoa katika kanisa hili tarehe 30 Agosti 1974, wakaishi pamoja miaka arobaini na minane. Habari ya taa haikutajwa siku ile ya kolrabi, haikutajwa siku ya harusi, wala haikutajwa baadaye. Sisi watu wa milima hii ya Solling tuna sifa nyingi, lakini kuzungumza siyo mojawapo, mkiniondoa mimi.

Gesine alipata udaktari wake mwaka 1975. Alionyesha kwamba katika seli zile, zikikuzwa chupani bila mmea wa kuziongoza, ni buluu inayofungua njia. Chini ya mwekundu peke yake vifuko vile huanza na kuishia katikati, kama nyumba iliyoinuliwa kuta ikakosa paa. Alitumia miaka thelathini iliyofuata kuuliza kwa nini, na alipata nusu ya jibu, ambayo alisema ni nyingi. Wanafunzi wake mliokuja leo mnajua alivyokuwa. Hakupandisha sauti. Alikuwa na swali moja tu lililowatoa jasho: "Na uliiangalia kwa taa gani?"

Walijaliwa binti mmoja, Wiebke, aliyezaliwa tarehe 6 Novemba 1977. Wiki ile seli za Gesine zilikuwa zinatakiwa kuhamishiwa chakula kipya, la sivyo zife, na msaidizi wake alikuwa anaumwa. Eckhart, ambaye hakuwa amekanyaga Altenrode tangu aondoke, aliendesha gari mpaka kule, akavaa koti jeupe la mtu mwingine, akahamisha chupa zote. Niliposikia nilimwambia dada yangu, sasa umepata jibu lako, mwanaume mwenye kinyongo hafanyi hivyo. Akanijibu, "Hiyo ni kazi, Almut. Eckhart haachi kitu kife." Maana hilo ndilo lililomkaa moyoni maisha yake yote, na alinieleza mimi peke yangu: hakujua kama mumewe alimsamehe. Mume alikuwa mwema, alicheka, alifunua masufuria. Lakini tai ile hakuivaa tena. Gesine aliitafuta kwenye makabati, akaamini ameichoma jikoni. Mara nyingi nilimwambia amuulize. Alisema, "Na akisema hapana, nitamweka wapi?"

Alistaafu mwaka 2006. Kuanzia hapo alilima bustani, aliimba sauti ya pili katika kwaya hii, na alipika kabichi la majani kwa soseji kila Januari kwa mtu yeyote aliyeshindwa kujificha. Wajukuu wake Swantje na Joris aliwafundisha kutazama kwa darubini ile aliyonunuliwa na baba yake, na aliwaachia waseme walichoona kabla hajawaambia ni nini.

Mwezi Septemba 2022 aligunduliwa kuwa na saratani ya kongosho. Madaktari walimweleza wazi, naye aliwashukuru kwa uwazi, akaomba arudi nyumbani. Kitanda chake kiliwekwa sebuleni karibu na dirisha la bustani. Eckhart alimhudumia kwa namna yake, yaani alimkagua. Gesine aliniambia kwa kunong'ona, "Nimekuwa chupa." Lakini mkono wake ulikuwa kwenye mkono wa mumewe alipokuwa akilalamika.

Jumapili ya tatu ya Majilio, wiki mbili kabla ya Krismasi, nilikuwa jikoni nakata keki, na mlango ulikuwa wazi. Alikuja muuguzi mpya wa zamu, Birte Sander, ambaye leo amekaa kule nyuma na asione haya. Alisoma jina kwenye karatasi yake, akatazama picha ya Eckhart ukutani, akamgeukia mgonjwa.

"Mwalimu Ahlborn ni mumeo?" akauliza. "Basi wewe ndiye mchumba wa tai!"

Dada yangu akasema, "Tai gani?"

Birte akadhani mgonjwa anatania. Akamsimulia kama jambo analolijua kila mtu. Kwamba kila mwaka, kwenye somo la mwanga na mimea, Mwalimu Ahlborn alifungua sanduku, akatoa taa kuukuu ya kijani aliyoiomba taasisi siku ya kuondoka, akajifunga tai ya buluu, akazima taa za darasa. Akawauliza wanafunzi wanaona nini. Aliposikia mmoja anasema, "Tai ya buluu, mwalimu," alijibu, "Mimi niliivaa miezi miwili sikuiona. Mchumba wangu aliiona kwa kupita tu. Akaniambia, ingawa ilikuwa rahisi kwake kunyamaza. Mkipata mtu wa namna hiyo, msimwache." Miaka thelathini, darasa baada ya darasa. Holzminden nzima ilijua, isipokuwa mimi na nyumba moja ya Schönhagen. Hata Wiebke hakujua, kwa sababu baba yake alikataa kumfundisha mwanawe na akampeleka shule ya Uslar.

Nilisimama na kisu cha keki mkononi. Kisha dada yangu akaita, "Eckhart!" kwa sauti ambayo hakuwa nayo tangu Oktoba, na yeye akatoka bustanini mbio, na mabuti ya udongo, akidhani ndiyo mwisho.

"Iko wapi tai?" akamuuliza.

Eckhart alimtazama Birte, akaelewa. Akasema, "Darini. Ndani ya sanduku la taa."

"Miaka yote hii nilidhani hukunisamehe."

"Nikusamehe nini? Uliona vizuri." Akakaa kitandani na mabuti yake. Kisha akasema lile ambalo sitalisahau. "Mimi nilikuwa nangoja wewe unisamehe. Siku ile nilikuita Bibi Wiedenroth."

Birte alikuwa amegeuka dirishani, na mimi nilikuwa nimekata keki vipande ambavyo havikulika kwa udogo. Halafu Gesine akanyoosha mkono, akamfuta tope kwenye shavu, akasema kwa ile "wewe" ya ofisini, kwa heshima zote: "Bwana Ahlborn, umesamehewa. Sasa vua viatu, unachafua shuka."

Walicheka mpaka akaumwa. Nililia kwa furaha na kwa hasira pamoja, na hasira bado ninayo kidogo, nawaambia wote mliopo: ulizaneni. Walipoteza miaka mingi kuogopana bure, watu wawili wenye akili kuliko wote ninaowajua. Lakini walibakiwa na wiki nne na siku moja, na wiki hizo nilizishuhudia. Walizungumza tangu kifungua kinywa. Walizungumza habari za Kettler, za keki ya sinia nane, za kolrabi. Eckhart alileta lile sanduku kutoka darini, wakafunga mapazia mchana, wakawasha taa, na Gesine akaitazama tai tena. Alisema karatasi imechujuka zaidi. Eckhart alisema ameshalikagua hilo.

Dkt. Gesine Ahlborn alifariki Jumatatu tarehe 9 Januari 2023 saa moja na nusu asubuhi, dirisha likiwa limeanza kupata mwanga, mume wake akiwa amemshika mkono na binti yake akiwa upande wa pili. Aliishi miaka sabini na tisa. Alipokuwa bado na nguvu za kuagiza, aliagiza mambo mawili kuhusu siku ya leo: keki ya siagi iwe ya kutosha na safari hii iliwe, na Eckhart asifunge tai nyeusi.

Marehemu ameacha mume, Eckhart Ahlborn. Binti, Wiebke, na mkwe wake, Torben. Wajukuu wawili, Swantje na Joris. Mimi mdogo wake, Almut. Kwaya isiyo na sauti ya pili ya kutegemewa. Na huko Altenrode chupa za seli za tumbaku zilizotokana na zile alizozianza mwaka 1969, ambazo Alhamisi ijayo zinatakiwa kuhamishiwa chakula kipya. Eckhart ameomba aende kuzihamisha yeye.

Tutakapotoka hapa kila mmoja atachukua udongo kwa kijiko kilichowekwa kando ya kaburi na kumtupia. Mgane atatangulia. Mawingu ni mazito na hakuna jua, lakini angalieni kifuani pake mtakapokuwa mmesimama, mtaiona rangi. Mungu amwangazie dada yangu kwa mwanga wake usiozimika, wa rangi yoyote apendayo, ingawa namjua, ataikagua taa kwanza. Kisha apumzike. Amani alikwisha kuipata hapa hapa nyumbani, Jumapili ya tatu ya Majilio, akaondoka nayo.